Muluzi Aliyerudi Kwake na Chukudu

Mulima wa Cibimbi ni mudogo hivi: jogoo akiwika katikati, majirani wa pande zote wanadhani ni jogoo wao. Ukipiga chafya ukiwa juu, mutu wa chini anakuambia pole. Watu wa Katana, kule kwenye ziwa, wanasema Mungu alikuwa amemaliza kutengeneza milima ya Bushi, akapangusa mikono, na ule udongo ulioanguka njo Cibimbi. Lakini hata udongo wa kupanguswa uko na mwenyewe. Wenyewe walikuwa baluzi, watu wa damu ya wafalme, hata kama ile damu ilikuwa imepita kwa mashangazi na wajomba wengi mpaka ikafika Cibimbi ikiwa nyepesi, kama chai iliyoongezwa maji mara ya tatu.

Zihindula alizaliwa pale, mutoto wa pili wa mwenye mulima. Waliokuwepo wanasema hakulia kama watoto wengine. Alitazama nyumba nzima, akamutazama mukunga, kisha akakunja uso kama mutu aliyeletewa ugali baridi. Kiti cha baba kilikuwa cha kaka yake Magloire, maana yeye njo mukubwa. Zihindula alibakiziwa jina la uluzi na muziro wa nyumba yao. Muziro ulikuwa huu: muluzi wa Cibimbi habebi muzigo kwa kichwa, wala kwa bega, wala kwa mugongo. Watoto wenzake wakirudi mutoni na bidoni za maji kichwani, yeye anatembea mbele yao mikono mitupu, kama padri kwenye maandamano. Mvua ikinyesha, wenzake wanajifunika jani la mugomba, yeye analowana, kwa sababu jani pia ni muzigo. Siku moja nyuki alitua kwa nywele zake na mama yake akapiga kelele mpaka Katana wakasikia: "Mutoeni huyo nyuki mbele mutoto hajaharibika!"

Alipoota ndevu akavuka ziwa kuja Goma, maana mulima ule haukuwa na nafasi ya wanaume wawili kunyoosha miguu. Akafika Kituku asubuhi, wakati pirogi za samaki zinaingia. Wakamwambia, kijana, beba ile karai ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Akasema hapana, kwetu hatubebi. Akaenda sokoni, wakamuonyesha gunia la viazi. Hapana. Akaenda kwa wajenzi, wakamuonyesha mawe.

"Hapana."

"Sasa weye," wajenzi wakamuuliza, "Goma umekuja kufanya nini? Kutupa baraka?"

Alishinda na njaa mpaka tumbo lake likaanza kuongea Kifaransa, na yeye mwenyewe Kifaransa hakukijua.

Aliyemuokoa ni Kasereka, Munande wa Butembo, mufupi, muchekaji, mwenye vifundo vya miguu vigumu kama mizizi. Kasereka alikuwa anapumzika kando ya barabara na chukudu yake: ubao murefu wa mti mugumu, gurudumu mbili za mti zilizovalishwa mpira wa gari, na usukani kama pembe za ngombe. Juu yake kulikuwa magunia ya makala yaliyopita urefu wa nyumba. Zihindula akaizunguka, akachungulia chini, akanusa.

"Papa, hapa ni nani anabeba?"

"Anabeba namna gani?"

"Ninauliza tu. Ule muzigo uko kwa kichwa chako?"

"Hapana."

"Kwa mugongo?"

"Kijana, weye ni mugonjwa? Mti njo unabeba. Mimi ninashika usukani."

Zihindula akafunga macho kama mutu aliyesikia malaika. "Njo kazi yangu hiyo," akasema.

Kasereka alicheka mpaka akakaa chini. Halafu, kwa sababu mutu aliyekuchekesha vile huwezi kumuacha akufe njaa, akamufundisha.

Na Zihindula akaijua ile kazi. Asubuhi anaisukuma tupu mpaka Kibumba, kule juu kwenye mashamba, mchana anashuka nayo imejaa viazi na makabichi, goti moja juu ya ubao, muguu mwingine tayari kukanyaga kile kipande cha mpira kwa gurudumu la nyuma ambacho njo freni. Alikuwa anashuka mbio mpaka kivuli chake kinafika Goma nyuma yake kinahema. Alimuoa Nshobole, muchuuzi wa sambaza pale Kituku, mwanamuke mwenye sauti ya kusimamisha boti. Wakapata mutoto, wakamuita Chance, na kuanzia pale wakaitwa Papa Chance na Mama Chance. Walipanga nyumba Murara. Volcan ilipotapika, ule mwaka lava ilipita katikati ya muji, Zihindula akapakia nyumba nzima kwa chukudu: mulango, kitanda, Mama Chance juu ya kitanda na mutoto kifuani, na sufuria ya maharagwe kwa mapaja yake. Wale waliokimbia pamoja nao wanaapa kwamba yale maharagwe yaliivia njiani, kwa joto la lava iliyokuwa inawafuata. Wakayala Ndosho, na Ndosho wakabaki.

Pale Ndosho kila mutu alimujua. Vijana wa moto, zile pikipiki za kubeba watu, walimupigia honi: "Muluzi! Ule mulima wako ungaliko, ama panya waliula?" Yeye anawajibu akiwa amenyoosha shingo: "Ungaliko. Unaniongojea." Hakusema kwa hasira. Alisema tu vile mutu anasema jua litatoka. Miaka ikaenda, mvi zikaingia, Chance akaoa akaenda kukaa Beni, na jibu likabaki lile lile.

Basi ikafika habari, imeletwa na watu wa boti. Magloire amekufa, hakuacha mutoto. Kiti cha Cibimbi kitupu. Shangazi yao, Mama Mapendo, dada mudogo wa baba yao, mwanamuke muzee aliyekilinda kile kiti tangu zamani, amesema: siku ya Mungu inayokuja, Jumapili, nyuma ya misa, kiti kitawekwa nje. Mutoto wa nyumba aje akikalie.

Kukikalia si kuja tu na kukaa. Kwa desturi ya Cibimbi, mwenye kuingia kwa kiti anavuka mupaka wa mulima na kufika mpaka kitini bila muguu wake kugusa udongo. Siku hiyo udongo si wake bado. Zamani aliletwa kwa tipoye, kile kiti cha kubebwa mabegani, na waliobeba walikuwa wakulima wa mulima wenyewe. Hakuna aliyewalazimisha. Wakikutaka, wanakubeba. Wasipokutaka, unabaki pale mupakani ukitazama nyumba ya baba yako kama mutu anayetazama samaki wa jirani wakikaangwa.

Na watoto wa nyumba waliobaki walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Bashige.

Bashige ni mutoto wa baba mudogo wa Zihindula. Alikuwa anauza simenti na mabati Goma, mwenye jeep nyeupe na tumbo la heshima. Alifika Ndosho katikati ya juma. Jeep yake ilijaza ile njia ndogo mpaka kuku wakapita chini yake. Hakushuka. Akateremusha kioo, akamuona Zihindula anapangusa chukudu yake na kitambaa.

"Papa Chance! Bado tuko na mbao zetu?"

"Bado. Karibu ndani, ndugu yangu. Mama Chance iko na sambaza kwa moto."

"Hapana, niko haraka. Ndugu yangu, tuongee kama watu wazima. Ule mulima utaufanya nini? Utaukula?"

"Na weye utaufanya nini?"

Bashige akapunguza sauti. "Kuko mutu wa ngombe, mutu mukubwa. Anautaka wote. Atauzungushia waya, atapanda majani. Mimi ninakaa kwa kiti siku ya Mungu, kesho yake tunapatana."

"Na wale watu wanaolima?"

"Watu wanahama. Weye hukuhama?"

Zihindula aliweka kitambaa chake juu ya usukani wa chukudu, pole pole. "Mimi nilifukuzwa na volcan. Volcan haina shangazi. Weye uko naye. Utamwambia nini Mama Mapendo?"

"Ataelewa."

"Basi na mimi nitakuja siku ya Mungu."

Bashige akacheka, si cheko baya, cheko la mutu aliyekwisha kula. "Utakuja na tipoye gani? Nimekwisha kutuma neno. Mwenye ataonekana siku ile na mutu kwa bega lake, yule mutu awe nani, shamba lake limekwisha. Sikutaja jina la mutu, usiseme nimekuchukia. Mimi nitapanda na jeep mpaka kitini. Miguu yangu haitaona hata vumbi. Weye kaa, ndugu yangu. Utavunjika bure."

Kioo kikapanda. Jeep ikarudi nyuma, ikakanyaga ndoo ya jirani, ikaenda.

Nshobole alikuwa amesimama mulangoni na kijiko cha kugeuzia samaki. Alisikia yote.

"Papa Chance, utaenda na nini?"

"Niko na chukudu."

"Chukudu?"

"Muguu wa mutu wa chukudu unakaa wapi? Juu ya ubao. Ubao unagusa udongo? Haugusi. Sasa?"

Nshobole alimujua vizuri. Kichwa hicho kisichobeba muzigo kikishika neno, hata trakta haikitoi. "Basi niache nifunge sambaza za njia," akasema. "Na tumuite Kasereka, awe wa kukushika ukianguka."

Wakapanda boti ya mizigo pale Kituku, watu watatu na chukudu moja, kati ya magunia na mabati. Nahodha alitaka chukudu ilazwe chini kama mizigo mingine. Zihindula akakataa, akaishika imesimama safari nzima. Ziwa lilikuwa tulivu. Kila mutu aliyeuliza anaenda wapi alijibiwa: "Ninaenda kukaa."

Walikuwa wamekula nusu ya sambaza wakati Kasereka alianza kujikuna shingo. Kasereka hajikuni bure.

"Muluzi," akasema. "Ile njia ya kwenu, kutoka Katana mpaka kitini. Inashuka?"

"Inapanda."

"Inapanda sana?"

"Inapanda kama ukuta."

Kasereka akatafuna, akameza. "Chukudu haipandi, weye."

Zihindula alikuwa amemaliza maisha yake kwa njia ya Kibumba. Alikuwa amesukuma chukudu kwa miguu kila asubuhi, akapanda juu yake kila mchana, na katika siku zote za kupanga safari hii aliona kichwani kitu kimoja tu: yeye juu ya ubao, upepo kwa shati. Kwake yeye, mulima ulikuwa kitu cha kushuka. Nshobole alianza kucheka taratibu, akafunika mudomo na kitenge, kikashindwa kufunika.

"Ay, mama yangu! Wanaume wawili wa chukudu! Wanaume wawili wazima!"

"Mimi sikuulizwa," Kasereka akajitetea. "Mimi niliambiwa twende."

Zihindula hakucheka na hakukasirika. Alitazama milima ya Bushi vile ilikuwa inakaribia, mumoja nyuma ya mwingine. Akatazama mpaka mashavu ya wengine yakachoka kucheka. Kisha akasema: "Nyuma ya Cibimbi kuko mulima wa jirani. Mukubwa zaidi. Mupaka uko kule juu. Tutazunguka, tutaupanda ule wa jirani kwa miguu, tutatokea juu ya kwetu. Kutoka pale, kwetu inashuka."

"Hakuna njia kule," Nshobole akasema.

"Itakuwako tukipita."

Walishuka Katana siku ya Mungu asubuhi, kengele ya misa ya kwanza ikilia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima. Udongo wa Bushi ukilowa, si udongo tena, ni sabuni. Walisukuma chukudu juu ya mulima wa jirani, Zihindula mbele akivuta usukani, Kasereka na Nshobole nyuma. Wakipanda kidogo wanateleza kidogo. Walipita katikati ya migomba, walipita ndani ya shamba la maharagwe la mutu aliyetoka na panga, akaona chukudu, akasahau kukasirika.

"Munaipeleka wapi hiyo?"

"Juu!"

"Kufanya nini?"

"Kuishusha!"

Yule mutu akarudi ndani kumuita muke wake aone.

Katikati ya mulima Kasereka alilala chali ndani ya matope akasema yeye ni Munande, Cibimbi haimuhusu, wamuzike pale. Zihindula alifunga kamba ya usukani kiunoni kwake, akavuta peke yake. Viatu vilibaki ndani ya matope, hakurudi kuvichukua. Alivuta akihema kama mvukuto wa mufua vyuma, na kila hatua ilikuwa na jina la mutu wa Cibimbi: "Kwa Mama Mapendo. Kwa wale wa kisimani. Kwa yule kiwete na mbuzi wake." Nshobole akaviokota vile viatu, akaweka bega kwa ubao. Kasereka akatukana kwa Kinande, akainuka, akasukuma.

Walipofika juu, kwa mustari wa miti inayogawa milima miwili, waliona kila kitu chini. Uwanja wa nyumba ya baba. Kiti kimewekwa katikati, na watu wamezunguka, na Mama Mapendo kwa mukeka. Na chini kabisa, kwa kijito, jeep nyeupe.

Jeep ya Bashige ilikuwa imevuka mupaka vizuri, ikavuka kijito, na pale pale ikazama mpaka mulangoni. Magurudumu yalizunguka yakatupa matope mpaka kwa migomba. Vijana wa mulima walikuja, wakasukuma, wakawa wote rangi moja. Jeep ikazama zaidi. Bashige, ndani na suti na soksi nyeupe, akafungua mulango, akatazama udongo wa Cibimbi ulio chini ya kiatu chake, akafunga mulango.

"Mukuje munibebe!" akapiga kelele kwa dirisha. "Weye kijana mwenye mabega! Kuja hapa!"

Kijana mwenye mabega akapangusa uso. "Patron, siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Weye njo ulisema. Mwenye ataonekana na mutu kwa bega lake, yule mutu awe nani, shamba lake limekwisha. Mimi niko na shamba, patron."

"Mimi sikusema juu yangu mimi!"

"Neno lilifika hivyo, patron. Awe nani."

Kule juu Nshobole alisikia, maana Cibimbi ni mudogo, kila kitu kinasikika. Alitaka kucheka tena lakini mume wake alikuwa amekwisha kupangusa nyayo zake kwa majani, moja, halafu nyingine, akapanda juu ya ubao bado wakiwa upande wa jirani.

"Papa Chance. Ile freni umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Iko namna gani?"

"Iko," akasema. Na Kasereka akasukuma.

Watu wa Cibimbi mpaka leo hawakubaliani vile alivyoshuka. Wengine wanasema gurudumu zilikuwa zinagusa udongo mara moja moja tu, kwa heshima. Alipita kwa mbuzi, mbuzi wakalala wenyewe. Alipita kwa kamba ya nguo, akatoka na gauni la mutu shingoni. Kwaya ilikuwa inatoka misa, imepanga mustari kwa njia, inaimba. Aliwapitia katikati, sauti ya kwanza upande huu, sauti ya tatu upande ule, na wimbo haukukatika. Kuku mumoja alishindwa kukimbia, akaruka, akatua kwa usukani. Alikaa pale akitazama mbele kama abiria aliyelipa. Zihindula akakanyaga freni. Ikatoa moshi. Akakanyaga tena. Ule mpira ukakatika ukaruka kwa migomba, na watu uwanjani wakaona muluzi wao anakuja, mukono juu, akipiga kelele:

"Muondoke! Muondoke kwa kiti!"

Waliondoka. Akakipita kiti. Akakipita karibu sana, mpaka Mama Mapendo akashika kitambaa chake cha kichwa. Nyuma ya kiti kulikuwa muvure, ule mti muzima unaochongwa kama pirogi ili kutengenezea kasiksi, pombe ya ndizi, na siku hiyo ulikuwa umejaa ya karamu mpaka ukingoni. Chukudu ikagonga muvure, ikasimama. Zihindula hakusimama. Alipita juu ya usukani, yeye, gauni na kuku, akaingia ndani ya pombe kwa kelele iliyosikika mpaka kwa jeep.

Kichwa kikatoka. Kuku akatoka baadaye, akakaa juu ya kichwa, na Zihindula haraka sana akamutoa kwa mukono.

"Amegusa udongo?" mutu akauliza.

Mama Mapendo aliinuka kwa fimbo yake. Akafika kwa muvure. "Leta muguu." Zihindula akatoa muguu. Shangazi akautazama chini, akaupitisha kidole, akakinusa kidole, akakilamba. "Ndizi," akasema. "Leta wa pili." Akautazama wa pili. "Ndizi. Hajagusa."

Kiti kilikuwa karibu. Mutu mwenye miguu mirefu angeweza karibu kuruka kutoka muvure mpaka kitini, na Kasereka, aliyekuwa amefika akiteleza kwa matako, akaanza kumuonyesha kwa mikono: ruka, Muluzi, ruka! Zihindula alikipima kile kiti kwa macho. Halafu akakaa vizuri ndani ya pombe, ikamufika kifuani, na akaweka mikono yake kwa ukingo.

"Siruki," akasema.

"Utaruka!" Nshobole akajibu kutoka juu kabisa ya mulima.

"Siruki, Mama Chance! Nyamaza kidogo niongee na watu." Akawageukia. Maji ya ndizi yalikuwa yanamutoka kwa ndevu. "Sikieni. Nimekuja na mbao. Ndugu yangu amekuja na chuma. Wote wawili tumekuja bila ninyi, na hiyo si desturi. Mimi sina mabati ya kuwapa. Sina ngombe. Kuko mutu anayetaka kuzungushia huu mulima waya, ninyi muko nje yake. Mimi nikikaa pale, waya haiingii nikiwa hai. Njo yote niliyo nayo. Mukinitaka, munibebe. Mukikataa, nitashuka humu kwa miguu yangu, nitakanyaga udongo mbele yenu wote, na nitarudi Goma kushusha viazi. Lakini sitaruka kama chura kwenye kiti cha baba yangu."

Hakuna aliyesogea. Waliwaza neno la Bashige. Shamba ni shamba. Mwanamuke mumoja alimutazama mume wake, mume akatazama miguu yake. Kule chini honi ya jeep ililia, ndefu.

Zihindula akaongoja. Aliweza kuongoja sana, alikuwa na mazoezi. Pombe ilikuwa baridi na meno yake yalianza kugongana, lakini mikono haikutoka kwa ukingo. Hakuwatazama kwa kuwaomba. Aliwatazama mumoja mumoja, na kila aliyemufikia alimutaja jina, lake ama la baba yake, kwa sauti ndogo, kama anayehesabu wageni wa karamu yake.

Mama Mapendo akaweka fimbo chini. Mutu huyo alikuwa hawezi kuinua hata chungu chake, anasaidiwa hata kufunga kitenge. Akainama, akashika ncha ya muvure kwa mikono miwili.

"Shangazi, utavunjika!"

"Nyamaza, mutoto wa kaka yangu. Mimi sina shamba, watalichukua wapi?" Akavuta. Muvure haukusogea hata kidogo, lakini yeye akavuta tena, mishipa ya shingo ikatoka. "Munanitazama?" akawauliza watu. "Munatazama bibi kizee anabeba peke yake? Basi tazameni vizuri, mutasimulia."

Yule mwanamuke aliyemutazama mume wake akamuacha mume, akaja. Akaja mwingine wa kwaya, vazi la kwaya likiwa bado mwilini. Akaja kiwete na mbuzi wake. Halafu njia ya kijito ikajaa vijana wenye rangi ya matope, wamechoka kusukuma jeep, na yule mwenye mabega akaingiza bega chini ya muvure bila kuuliza. Muti ule ukainuka: pombe yake, mutu wake, gauni la wenyewe. Ulibebwa pole pole, maana hakuna aliyetaka kumwaga, na kwa hatua zile chache watu walianza kucheka, kisha kuimba, na wale waliokuwa karibu na ukingo walionja wakipita. Wakamuinamisha juu ya kiti kama wanamimina. Zihindula akateleza, akakaa. Miguu ikashuka, ikagusa udongo wa Cibimbi, na sasa ulikuwa wake.

Nshobole alifika wakati ule, hana pumzi, viatu vya mume wake mukononi. Alimutazama akichuruzika pale kitini. "Umekaa?"

"Nimekaa."

Honi ililia tena. Zihindula akatazama chini, kwenye kijito, ambako ndugu yake alikuwa amepanda juu ya paa la jeep na soksi zake nyeupe, kwa sababu matope yalikuwa yameingia ndani.

"Mukamutoe ndugu yangu," akasema, na hilo njo neno la kwanza alilotoa kwa kiti. "Mumubebe kwa bega, hakuna atakayepoteza shamba. Mumulete hapa, mumupe kiti kizuri, mumupe kasiksi."

Kijana mwenye mabega akatazama muvure. "Ile ya muvure? Ile uliyokuwa ndani?"

"Ile ile," Zihindula akajibu. "Kuko nyingine?"

Bashige aliletwa, amekunja uso. Kiu ilikuwa imemushika tangu asubuhi ndani ya ile jeep. Mama Mapendo mwenyewe alimuchotea kibuyu kikubwa, akamupa kwa mikono miwili. Bashige alikunywa chote bila kupumzika, akapangusa mudomo, akatazama ndani ya kibuyu.

"Shangazi," akasema, "hii imeiva vizuri. Munaweka nini?"

Watu wote wakatazama mbali. Zihindula peke yake alimutazama usoni.

"Kunywa, ndugu yangu," akamwambia. "Halafu tuongee juu ya ule mutu wa ngombe, vile utamwambia hapana."